Mbuzi ya Bibi na Benchi la Chini ya Ngazi

Kila nikishika fomu ya maombi ya wasanii nakwama mahali pale pale. Pameandikwa "Aina ya sanaa", halafu panafuata visanduku: uchongaji, uchoraji, maigizo, muziki, fasihi. Weka alama kwenye kimoja tu. Mwaka mmoja niliweka kwenye uchongaji, nikajibiwa kwamba benchi ni samani, si sanaa. Mwaka uliofuata nikaweka kwenye fasihi, nikaambiwa nilete nakala ya kitabu. Sina kitabu. Nilicho nacho ni benchi la futi nane lenye misumari mitatu ya kutu ambayo nimekatazwa kuing'oa. Liko chini ya ngazi za jumba tunalokaa, Michenzani, hapa Unguja, na yaliyosemwa juu yake tangu niliweke yangejaza makabati kadhaa. Lakini nakala sina.

Mtaani hawana shida hiyo. Wanaume wananiita fundi. Watoto wananiita Bi Paukwa, japo umri wa kuitwa bi sijaufika. Mama yangu, akiulizwa na wageni mwanawe anafanya kazi gani, husema "yumo katika mbao," kwa sauti ile ile ambayo mtu angesema yumo katika deni.

Nianze na mbuzi, na msomaji asiyetoka pwani asije akadhani ninafuga. Hii ni mbuzi ya kukunia nazi: vibao viwili vilivyopishana, kimoja kimepita tumboni mwa kingine, na mbele ulimi wa chuma wenye meno. Ukiifungua ni kiti. Ukiikunja unaiegemeza nyuma ya mlango wa jiko na kuisahau mpaka wakati wa kupika. Ya bibi yangu mzaa mama ninayo mpaka leo. Kibao cha kukalia kimelika upande mmoja zaidi ya mwingine, kwa sababu bibi alikaa kimshazari, miguu yote upande wa kushoto, kama mwanamke wa heshima zake aliyepakiwa nyuma ya baiskeli.

Bibi alikuwa na kanuni moja. Hadithi huanza nazi inapovunjwa, na huisha tui linapochujwa. Kwa hiyo urefu wa hadithi ulitegemea idadi ya nazi. Siku ya mchicha, nazi moja: sungura kamdanganya fisi, basi, nendeni mkaoge. Siku ya wali wa nazi na mchuzi wa papa, nazi tatu: zimwi linatokea, binti anatiwa ndani ya ngoma, ngoma inaimba kila kijiji inapopigwa, na sisi tumekaa mlangoni tunameza mate, sijui kwa hofu au kwa harufu. Mwezi wa Ramadhani, wenye mihogo ya nazi na ndizi na tambi, zimwi liliweza kula watu wa miji saba kabla ya adhana ya magharibi. Wapo wasemao kwamba hadithi hazitambwi mchana. Bibi alikuwa na jibu lake: jiko langu halina dirisha, humu ndani ni usiku.

Niliwahi kumuuliza kwa nini hatambi akiwa amepumzika kibarazani, mikono mitupu. Akasema mdomo wa mtu ambaye mikono yake haina kazi husema ya watu.

Alianza kama waanzavyo wote. Paukwa! Nasi: Pakawa! Halafu maneno yale ambayo mtoto yeyote wa pwani aliyelelewa na bibi anayajua: kaondokea chenjagaa, kajenga nyumba kakaa, mwanangu mwanasiti, kijino kama chikichi, cha kujengea kikuta na vilango vya kupitia. Niliyaimba miaka na miaka bila kuyasikia. Nilikuja kuyasikia nikiwa na umri wa miaka ishirini na mbili, nimeshika patasi, natoboa tundu kwenye mwimo wa mlango wa watu, na nayaimba kimoyomoyo ili mkono usikimbie. Nikasimama. Yale ni maneno ya ujenzi! Kabla sungura hajatokea, kabla mfalme hajapata binti, mtambaji anajenga: nyumba, kisha kukaa, kisha kikuta, kisha vilango. Na vilango ni vya kupitia, si vya kufungia.

Kila mzee ana chenjagaa wake. Huyu atakwambia ni kaa wa mchangani, yule atakwambia ni jina la kukamilishia kina tu. Mpangilio wa ujenzi nao una ubishi wake, maana wazee wa Mji Mkongwe husimulia kwamba zamani mlango ndio ulioanza kusimamishwa, kuta zikaufuata, na katika wimbo vilango vinakuja mwisho. Niliwahi kuwapambanisha wazee wawili kwa swali hilo jioni nzima. Kahawa iliisha, ubishi haukuisha.

Kwenye mbao niliingia kwa kutumwa. Karakana ya mjomba ilikuwa Mwembetanga, na mama alikuwa akinituma kuchukua maranda ya kuwashia jiko na ya kutia kwenye viota vya kuku. Nilikuwa nakwenda na kikapu, narudi baada ya saa mbili. Maranda ya mfenesi ni ya manjano, marefu, yanajikunja kama nywele za mwanasesere, na yana harufu ambayo mpaka leo ikinipita njiani nageuka. Mjomba hakunifukuza. Wala hakunikaribisha. Siku moja alinipa msasa na mguu wa stuli, basi.

Mjomba hakuwa mtambaji. Maneno yake ya siku nzima yangeenea ndani ya kisanduku cha kiberiti. Alifundisha kwa kukunyang'anya chombo, kukifanyia kazi kidogo mbele ya macho yako, na kukurudishia. Randa hivi. Juba hivi. Msumeno usiukamue kama kuku unayetaka kumchinja, uache utembee. Wanagenzi wenzangu wa kiume walinitania miezi ya mwanzo, kisha wakachoka, kwa sababu utani nao unahitaji mtu wa kuujibu na mimi nilikuwa nahesabu inchi.

Mtihani wake wa mwisho kwa mwanagenzi ulikuwa marufaa, kile kibao cha kuwekea msahafu. Hukatwa kwenye ubao mmoja. Si vibao viwili vilivyounganishwa bawaba, la, ubao mmoja: unachonga vifundo vya bawaba katikati kutoka pande zote mbili, vifundo vinavyoshikana kama vidole vya mikono miwili, kisha unapasua unene wa ubao kwa msumeno kutoka juu mpaka kwenye vifundo, na kutoka chini vivyo hivyo. Hamna gundi, hamna msumari. Ukimaliza unauvuta taratibu, na ikiwa Mungu amependa, ubao unafunguka kama kitabu. Ikiwa hakupenda, unasikia "ka!" na una kuni mbili. Mimi niliharibu kumi na moja. Wa kumi na mbili ulifunguka, mjomba akautazama, akaufunga, akaufungua tena, akaniambia nikanunue chai.

Kosa langu kubwa lilikuja baada ya hapo, nilipokwisha kujiona fundi. Nilitengeneza kabati la harusi wakati wa kaskazi, jua kali, upepo mkavu, na mbao yenyewe ilikuwa haijakaa vya kutosha. Milango iliingia kwenye fremu kama imemiminwa. Hapakupita hata karatasi. Nilijisifu. Harusi ikawa ndani ya masika. Siku yenyewe, mwali ameshapambwa kichwa na mikono, nguo zake zimo kabatini, na kabati halifunguki. Mbao ilikuwa imekunywa unyevu wote wa mwezi wa Aprili na kuvimba. Wakanipigia simu, na nyuma ya sauti ya shangazi yake nilikuwa nasikia ngoma. Nikaingia harusini na randa mkononi, nimevaa nguo za kazi, nikapita katikati ya wanawake waliovaa dhahabu, na nikapiga randa mlango wa kabati huku mwali amekaa kitandani ananitazama bila kupepesa. Maranda yalimwangukia kwenye hina.

Nilipomsimulia mjomba, alisema sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kumsikia: "Mbao inapumua, mwanangu, iachie pahala pa kupumulia, ukiibana sana itakuaibisha mbele za watu."

Nikamkumbuka bibi. Yeye alikuwa akiacha nafasi kila baada ya sentensi chache. Alikuwa anasema, "Akatembea, akatembea...", ananyamaza, mbuzi inaendelea kukwaruza, mpaka mmoja wetu aseme "akafika." Asipojibiwa haendelei. Nilidhani anavuta pumzi. Kumbe hadithi yake ilikuwa na upenyo wa robo inchi pande zote, na upenyo ule ulikuwa wetu.

Sasa benchi.

Anayeujua Mji Mkongwe anazijua baraza zake, yale madawati ya mawe yaliyoshikana na kuta za nyumba huko vichochoroni. Mtu hukaa hapo kunywa kahawa, kucheza bao au dhumna, kusoma gazeti la mwenzake, kumngoja kinyozi. Masika maji yakijaa njiani watu hupita juu yake. Neno lenyewe lilipanda cheo mpaka serikalini: tuna Baraza la Mawaziri, Baraza la Wawakilishi, Baraza la Idi, na yote hayo kwa asili ni mahali pa kuweka makalio. Mji Mkongwe uliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, na tangu hapo baraza zimepigwa picha mno.

Sisi tunakaa ng'ambo ya pili. Majumba ya Michenzani, yale marefu ya ghorofa yanayokutana kwenye mzunguko, yalijengwa baada ya Mapinduzi ya 1964 kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Mimi simo katika wale wanaovililia vibanda vya udongo ambavyo hawajapata kulala ndani yake mvua ikinyesha. Mama alizaliwa kwenye kibanda, na hachoki kutukumbusha ile siku waliyopewa bomba lao, umeme wao na choo chao cha ndani. Lakini aliyechora majumba yale alichora kuta, ngazi na madirisha, na baraza akaisahau, au kwao hazipo. Watu wakajitengenezea. Wanaume wana maskani zao: Kisonge iko hapo hapo kwetu, na ubao wake wa matangazo na siasa zake, Jaws Corner iko mjini, na kahawa yake na siasa zake za upande mwingine. Wanawake walikuwa wanakaa kwenye vidato vya ngazi, na kila anayepanda na ndoo ya maji lazima wainuke.

Kwa hiyo nilitengeneza benchi. Nilitaka kuwapa zawadi. Nilinunua mninga, mbao moja kwa nane, ghali kupita uwezo wangu, nikalichonga mgongo kwa nakshi za waridi na mnyororo kama za vizingiti vya mjini, nikalipaka vanishi mara tatu. Tuliliteremsha chini ya ngazi mimi na vijana wanne siku ya Ijumaa asubuhi.

Hakuna aliyelikalia. Wiki ya kwanza watu walilizunguka, wakalisifu, wakalipiga picha. Wiki ya pili jirani mmoja akaja na nailoni ya godoro lake jipya akalifunika lisishike vumbi. Wanawake walirudi kwenye vidato vyao, sasa wamebanana zaidi kwa sababu benchi limewachukulia nafasi. Mzee mmoja aliyekuwa baharia, anayekaa ghorofa ya kwanza, alilipita kila siku akitoka msikitini na kulitolea salamu: "Shikamoo, benchi." Nilicheka siku ya kwanza. Siku ya tano sikucheka.

Nilikuwa nimewapa watu kitu kilichokwisha. Milango ile ya kabati tena, hapapiti hata karatasi.

Mwanzoni mwa 2019 ilifika hapa Unguja ile jahazi ya plastiki kutoka Lamu, Flipflopi. Wengi walikwenda kuishangaa kwa rangi zake. Mafundi wa Lamu, wakiongozwa na Ali Skanda, waliunda chombo cha mita tisa kwa plastiki iliyookotwa, wakakivika vipande vya kandambili zipatazo 30,000, wakaizindua 2018 na kisha wakaisafirisha kilomita kama 500 kuja huku, wakitua njiani kuzungumza na watu juu ya taka. Mimi ninayejua ubao nilitazama maungio. Ukataji ulikuwa wa mbao, mikono ilikuwa ya mafundi wa vyombo, ila malighafi ilitoka miguuni mwa watu. Kandambili ile ya bluu pale ubavuni ilikuwa na mwenyewe. Nilirudi nyumbani nikaivua nailoni.

Benchi la mninga nililiuza. Lilikwenda Fumba, kwa watu wenye ukumbi wa kulitosha. Halafu nikapita mlango kwa mlango, ghorofa kwa ghorofa. Hodi. Karibu. Nikaomba kipande kimoja cha mbao kwa kila nyumba, chochote, ila mwenye nyumba aje nacho karakana mwenyewe, na akae wakati nakipiga randa.

Mama alisema nitaletewa takataka. Alisema kweli. Nililetewa mguu wa samadari ulioliwa na mchwa, kibao cha kusukumia chapati kilichopasuka, droo isiyo na kabati, ubao wa ubavu wa mashua wenye rangi tatu juu ya rangi, fremu ya picha, kizingiti cha nyumba iliyobomolewa, mbao mbili kwa nne iliyotoka Mungu anajua jengo gani la serikali. Mwanamke mmoja alileta mwiko wa bokoboko mrefu kama kasia. Sikuweza kumwambia kwamba mwiko hautoshi kuwa benchi. Ulikuja kuwa kigingi cha kuungia mguu wa kushoto, na mpaka leo humwonyesha kila mgeni wake pale mwiko ulipozama.

Na kwa kuwa mikono yangu ilikuwa na kazi na wao wamekaa tu, walisema. Sikuwauliza maswali. Ukimuuliza mtu "nisimulie hadithi ya ubao huu," atakwambia hauna hadithi. Ukiinama na kuanza kukwangua rangi, rangi ya pili ikatokeza chini ya ya kwanza, atasema mwenyewe, "Ha! Hiyo ya kijani aliipaka marehemu." Mwanzo nilikuwa nawasha simu inase sauti. Bibi mmoja akainyooshea kidole: "Hadithi yangu nimekupa wewe, mwanangu, sijaipa simu." Nikaizima, na sijaiwasha tena karakana. Ndiyo maana nakala sina.

Yule baharia mstaafu ndiye aliyenichosha. Alileta ubao wa mvule, mzuri, futi nne, wenye misumari mitatu katikati. Nikachukua nyundo ya kung'olea. Akaweka mkono wake juu ya ubao.

"Misumari usiitoe, mwanangu."

"Mzee, randa haiwezi kupita."

"Ipite pembeni."

Ubao ulikuwa wa ukutani, wa chumbani kwake. Mkewe alikuwa akitundika hapo buibui, mtandio na mkoba, kila kimoja na msumari wake, na ole wake anayekosea. Baharia alikuwa safarini miezi sita kwa mwaka, akirudi anatazama misumari kabla hajaita. Kama buibui halipo, mke hayupo nyumbani, anakaa chini anangoja. Mkewe amefariki miaka tisa sasa. Mzee alisema hayo yote akitazama mlangoni, si kwangu. Nilipiga randa pembeni. Mara ya pili mkono ukateleza, jino la randa likagonga msumari wa katikati na kumeguka. Jino lile lilikuwa la mjomba. Nilinyamaza kwa muda ambao yeye aliuelewa, akaniomba radhi, nami nikamwomba yeye.

Ubao wake ndio mgongo wa benchi. Watoto wakirudi skuli hutundika mikoba kwenye misumari wakakimbilia mpira, na nimewahi kumwona mzee akishuka, anatazama misumari kabla hajatazama watu.

Benchi hilo lilikaliwa kabla halijakauka gundi. Kila mtu alikuwa na pahala pake pa kukalia, maana alijua ubao wake uko wapi, na wakagombana kidogo, ndipo nikajua limefaulu. Niliuacha upande mmoja bila mkono, makusudi, kwa walioshindwa kuleta kitu mara ya kwanza. Mpaka sasa vipande vinakuja. Urefu wa kukalia niliuweka inchi kumi na saba, wazee wakasema ni chini mno kwa magoti yao, nikaongeza vibao viwili chini ya miguu ya upande wa kulia. Kwa hiyo benchi limeinama kushoto, kama kibao cha mbuzi ya bibi. Alasiri ni la wanawake, baada ya isha ni la wanaume, na kati ya magharibi na isha ni la watoto na la mwenye hadithi. Sheria hiyo sikuitunga mimi. Sijui hata nani aliitunga, niliikuta.

Nakumbuka mtu alinitania kwamba mwanamke mwenye kazi ya mikono hana haja ya mdomo. Huku ndiko alikozaliwa Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab, mwaka 1880, kijijini Fumba, akawa anatembea kuuza vyungu na kuvinadi kwa sauti, sauti ile ile ambayo mwaka 1928 ilimfikisha Bombay kurekodi santuri. Vyungu ndivyo vilivyoitembeza sauti. Sijilinganishi naye, nisingethubutu, na sauti yangu ukiisikia utaniombea dua. Nasema tu kwamba visanduku vya fomu vingempa shida na yeye.

Nisijifanye malaika lakini. Hoteli moja ya ufukweni iliniagiza mbuzi kumi za nazi za kupamba ukuta wa mkahawa wao, ulimi uwe butu wageni wasije wakajikata, na kila moja iandamane na kikaratasi chenye "hadithi yake." Nikauliza hadithi ipi, nazo ndiyo kwanza nazitengeneza? Yule meneja akasema yoyote, bora iwe ya kale. Kuna biashara kubwa ya maneno ya namna hiyo hapa mjini. Mgeni husimamishwa mbele ya mlango wenye njumu za shaba, ile misumari mikubwa iliyochongoka, akaambiwa zimewekwa kuzuia tembo, na Unguja nzima haina tembo hata wa dawa. Njumu ni pambo lililokuja na mafundi na matajiri wa Kihindi, na huko kwao ndiko zilikokuwa na tembo wa vita wa kuwazuia. Mgeni anaambiwa samaki kwenye nakshi maana yake hii, mnyororo maana yake ile. Mjomba, aliyechonga samaki miaka thelathini, nilipomuuliza maana yake alisema maana yake ni kwamba mwenye mlango kalipia samaki.

Zile mbuzi nilizitengeneza. Kodi ya karakana ilikuwa nyuma miezi miwili. Nilitengeneza kumi, butu, nzuri sana, na vikaratasi nikaandika vitupu: aina ya mbao, tarehe, jina la mtaa. Walivirudisha. Waliandika vyao wenyewe, na nimesikia kwamba mojawapo ilikuwa ya binti wa sultani. Sijaenda kuiona.

Wiki iliyopita umeme ulikatika Michenzani nzima, kama saa moja na nusu usiku. Mimi nilikuwa juu, ghorofa ya tatu, nimekalia mbuzi ya bibi, nakuna nazi ya pili kwa taa ya simu iliyoegemezwa kwenye kopo la chumvi. Mama alikuwa kwenye mchele. Kelele za televisheni zote zilizimika kwa pamoja, na kwa muda mji ulikuwa na sauti ya watu tu. Kisha kutoka chini, kwenye benchi, mtu akasema: "Paukwa!"

Haikuwa sauti ya mtoto, wala ya mmoja wa wale waliozoea. Ilikuwa nene, ya mtu aliyevuta sigara miaka mingi. Baharia. Tangu benchi liwekwe hajawahi kutamba hata kitendawili.

Chini wakajibu. Halafu dirisha la ghorofa ya pili likajibu, likimchelewa kidogo. Halafu la pili yake, halafu mtu wa jumba la pili ng'ambo ya barabara, ambaye sidhani kama alijua anajibu nini. Mzee akangoja mpaka wote wamalize. "Kaondokea chenjagaa," akasema, pole pole, kama anayeshusha nanga. Nilisogeza kichwa dirishani. Misumari mitatu haikuonekana, giza lilikuwa zito, zikionekana ncha za sigara mbili na kitu cheupe ambacho huenda kilikuwa kofia yake.

"Kajenga nyumba kakaa..."

"Wewe," mama akasema nyuma yangu, "nazi hiyo unaikuna au unaisikilizisha?"